Nakala za Akiba za Daftari la Fedha Katika Kompyuta

Programu ya kutunza fedha binafsi huhifadhi taarifa za aina mbili. Aina ya kwanza ni tarakimu zenyewe: kiasi kilichoingia, kilichotoka, na tarehe yake. Hata kompyuta ikiibwa, sehemu kubwa ya tarakimu hizo bado iko benki, au kwa kampuni ya simu inayoendesha huduma ya pesa, na taarifa yake huweza kuombwa upya. Aina ya pili ni kazi ya mwenye daftari: kwamba malipo fulani ya Machi yalikuwa karo wala si ya jikoni, kwamba deni la shemeji limelipwa nusu, kwamba fedha taslimu zilizotolewa kwa wakala ziliishia sokoni. Hayo hakuna mwingine anayeyajua, na nakala ya akiba huwekwa hasa kwa ajili yake.

Namna ya kuyalinda huonekana vizuri katika GnuCash, programu huria isiyolipiwa, ambayo toleo lake la 1.0 lilitoka mwaka 1998 na leo huendeshwa katika Windows, macOS na Linux. Hesabu zake hufuata kanuni ya maingizo mawili, yaani kila muamala hugusa angalau akaunti mbili, moja kwa debiti na nyingine kwa krediti. Daftari zima, kwa kawaida, ni faili moja lenye jina linaloishia na .gnucash. Ndani yake mna maandishi ya XML yaliyobanwa kwa gzip ili yasichukue nafasi kubwa.

Mtumiaji anapohifadhi kazi, faili la zamani halifutwi. Hupewa jina jipya lenye tarakimu 14 za mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Kwa hiyo hesabu.gnucash.20240305193012.gnucash ni hali ya daftari lilivyokuwa tarehe 5 Machi 2024, saa moja na nusu usiku. Kando yake huandikwa faili la .log, linalorekodi kila badiliko la muamala lililofanywa tangu daftari lilipohifadhiwa mara ya mwisho. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hufunguliwa daftari kama lilivyohifadhiwa mwisho, kisha mabadiliko yaliyo katika .log hurudiwa juu yake kwa amri iliyo katika menyu ya kuingiza data. Mafaili haya ya ziada, mtumiaji asipobadili mipangilio, hufutwa baada ya siku 30.

Wengi huyaona mafaili hayo yakijazana na kudhani kazi imekwisha. Haijaisha. Yote yamo katika folda ileile na diski ileile, na mwizi wa kompyuta hachagui faili la kuacha. Kinga hiyo yatosha kwa makosa ya mkono na kwa programu kuzimika ghafla, basi. Tena, anayechagua kuhifadhi daftari katika hifadhidata ya SQLite badala ya XML hapati hata kinga hiyo: kila badiliko huandikwa papo hapo, na nakala zenye tarehe hazitengenezwi. Huyo itambidi afunge programu na kunakili faili mwenyewe.

Kanuni iliyoenezwa na mpigapicha wa Marekani Peter Krogh hutaka nakala 3, katika vyombo vya aina 2 tofauti, na 1 kati yake iwe mbali na nyumba. Kwa daftari la familia yatosha faili la kompyutani, flashi au diski ya nje, na hifadhi ya mtandaoni. Diski ya nje huchomolewa kazi ikiisha, kwa kuwa programu hasidi zinazofunga mafaili ili kudai fidia hufunga na yale ya diski iliyochomekwa. Folda inayojisawazisha na mtandao nayo ina hila yake: kosa la saa nne asubuhi hufika huko saa hiyohiyo. Huduma isiyotunza matoleo ya awali ya faili haistahili kuhesabiwa kuwa akiba.

Kuna vitu ambavyo havimo ndani ya faili la daftari. Ripoti zilizotengenezwa na kuhifadhiwa na mtumiaji hukaa penginepo; katika Linux, kwa mfano, ni ndani ya folda ya .local/share/gnucash. Risiti zilizounganishwa na miamala pia hazibebwi, kwani daftari huandika tu mahali risiti ilipo. Folda ya risiti isiponakiliwa, kiungo kitabaki bila kitu upande wa pili.

Faili la .gnucash lenyewe halina nenosiri, na gzip hubana tu, haifichi. Nakala inayotoka nje ya nyumba hufungwa kwanza kwa programu kama 7-Zip, inayotumia usimbaji wa AES-256. Nenosiri lake halipaswi kuwa ndani ya kompyuta hiyohiyo peke yake. Karatasi iliyofungiwa kabatini inafaa kabisa.

Nakala huthibitishwa kwa kufunguliwa. Mara moja moja, hasa kabla ya kuweka toleo jipya la programu, nakala huhamishiwa kompyuta nyingine, hufunguliwa, na salio la kila akaunti hulinganishwa na la daftari la asili. Dakika kumi hutosha.

Hubaki suala la programu yenyewe kutoweka. Microsoft iliacha kuuza Money, programu yake ya fedha binafsi, mwaka 2009, na wenye mafaili ya .mny wakabaki na daftari linalohitaji programu iliyokoma. Nakala ya pili katika CSV au QIF, miundo inayosomwa na programu nyingine, husaidia, ingawa QIF haibebi ripoti. Daftari la GnuCash lina unafuu hapa: likifunguliwa mbano wake wa gzip, majina ya akaunti, tarehe, viasi na maelezo ya kila muamala husomeka kwa kihariri chochote cha maandishi.