Ndege wa Kinangop Anaishi Shambani Mwako

Watalii wanaokuja Nyandarua kutazama ndege hupitia barabara ile ile tunayopelekea viazi na maziwa sokoni: Njabini, Engineer, Ndunyu Njeru, Ol Kalou, hadi Ziwa Ol'Bolossat. Ukielekea kaskazini, kulia kwako ni msitu wa Aberdare na kushoto ni nyanda za nyasi za Kinangop.

Msituni

Kutoka Ndunyu Njeru kuna barabara ya kupanda hadi lango la Mutubio la Mbuga ya Aberdare. Ada ya KWS hulipwa kupitia eCitizen. Fika mapema asubuhi, ndege wanapolia zaidi. Mtafute Hartlaub's Turaco, ndege wa kijani ambaye mabawa yake hung'aa mekundu anaporuka.

Kwenye nyasi

Ndege anayetafutwa zaidi hapa, hata hivyo, hayuko mbugani. Ni Sharpe's Longclaw, ambaye hapatikani popote duniani nje ya Kenya na yumo katika orodha ya ndege walio hatarini kutoweka. Ana mgongo wa kahawia wenye michirizi, kifua cha njano na ukucha mrefu wa nyuma. Akiruka, utaona weupe pembeni mwa mkia.

Ndege huyu hula wadudu na hutaga mayai chini, katikati ya nyasi zinazoota kwa mafungu. Haishi msituni wala katika shamba lililolimwa. Nyasi zikigeuzwa kuwa viazi, kabeji au miti ya mikaratusi, hukosa pa kutagia. Karibu nyasi zote za Kinangop ziko katika mashamba ya watu binafsi. Shirika la Nature Kenya limenunua baadhi ya vipande ili vibaki nyasi, lakini sehemu kubwa iko mikononi mwetu.

Habari njema ni kwamba ng'ombe na kondoo si adui zake. Malisho ya kiasi huzuia nyasi zisirefuke kupita kiasi, mradi mafungu yasing'olewe wala kuchomwa. Mkulima anayefuga anaweza kutenga kipande cha malisho ya asili, akavuna maziwa na sufu, na ndege naye akabaki.

Ziwani

Ol'Bolossat, chanzo cha Mto Ewaso Narok, ilitangazwa eneo linalolindwa mwaka 2018. Hapa utawaona korongo wenye taji, ambao nao wako hatarini. Usikaribie viota vyao.

Kabla ya kwenda

Beba darubini, koti la mvua na viatu vya matope. Omba ruhusa kwa mwenye shamba kabla ya kuingia, funga lango nyuma yako na tembea polepole, kwani kiota kinaweza kuwa miguuni pako.

Na wewe mwenye shamba, kabla ya kulima kile kipande cha nyasi kilichobaki, zungumza na afisa wa kilimo wa wadi yako. Nyasi hizo za mafungu zikishalimwa, si rahisi kuzirudisha.