Mtandamboo: Chukua Mzizi, Uache Mti



Tukizunguka Machakos na Kajiado tunaupita mti huu kila siku, na wengi wetu husema, "Ah, ni miiba tu." Wakamba na Wakikuyu huuita mukawa, Wamaasai olamuriaki, Wajaluo ochuoga. Kwa Kiswahili ni mtandamboo.

Makao yake ni vichakani: kando ya misitu, miteremko yenye mawe na juu ya vichuguu, kuanzia pwani mpaka mita 2,000 hivi. Maua ni meupe, nje yana wekundu kidogo, na yananukia vizuri. Matunda yakiiva huwa meusi na matamu. Mtoto akitoka shule hayapiti!

Lakini wazazi, tahadhari. Ndugu yake, msungu (Wakamba huuita kivai), humea sehemu kama hizo na maua yao yanafanana. Huo ndio wa sumu ya mishale. Tofauti kubwa ni hii: mtandamboo una miiba, msungu hauna. Tuwafundishe watoto: hakuna miiba, usile.

Sisi nasi tuliwahi kukosa. Tulihimiza kikundi kimoja kufyeka kichaka cha mteremkoni ili kupanda miti ya mbao. Mvua ikaja, ikabeba udongo. Mzee mmoja akatuuliza, "Sasa mbuzi wale nini, na watoto wachume wapi?" Hatukuwa na jibu.

Shida nyingine ni mizizi. Watu huichemsha kwenye supu kwa maumivu ya kifua na tumbo. Si vibaya, ila wengine huchimba pande zote mpaka mti unakauka. Basi tufanye hivi:

1. Chimba upande mmoja tu, kata mzizi mdogo, kisha rudisha udongo. Mti huo upumzike, wakati mwingine uende kwa mwingine.

2. Chuma matunda yaliyoiva, osha mbegu, zikaushe kivulini na uzipande kitaluni zingali mpya.

3. Miche ikipata nguvu, ipande kwa mstari kuzunguka boma. Ukiikata kila mara hufungamana, na ng'ombe hapenyi. Ua huo hununui waya.

Na pale penye kichaka mteremkoni, tukiache. Mgonjwa wa kifua akienda hospitali aende, lakini mti wa babu zetu tusiumalize sisi.