Ukuta wa Magharibi

Sisi tuliolelewa Pwani twaujua ubaridi wa nyumba kongwe za Lamu, zenye kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene karibu nusu mita. Dada yetu mmoja alipoolewa Nambale, kaunti ya Busia, aliikuta nyumba ya zamani ya matofali ya kuchoma, yenye dari nzuri ya mbao, akatarajia raha ile ile. Haikuwa hivyo. Chumba cha watoto kilikuwa shwari adhuhuri, lakini baada ya swala ya Isha kiligeuka tanuri. Mtoto mchanga alijaa vipele vya joto. Madirisha nayo hayakufunguliwa usiku, kwa ajili ya stara na kwa hofu ya mbu, maana huko malaria haina msimu wa kupumzika.

Nambale i karibu na ikweta. Jua la adhuhuri huangukia paa, bali la alasiri hupiga usoni mwa ukuta wa magharibi. Ukuta wa inchi 9 hulimeza joto lile na huchukua saa kadhaa kulifikisha ndani. Ndiyo maana joto la alasiri huwasili wakati wa kulala. Lamu ukuta ni mnene zaidi, na vichochoro vyembamba huufanya kila ukuta kuwa kivuli cha jirani.

Fundi alishauri lipu nzito ya saruji, ndani na nje. Ushauri huo hupendwa mno, nasi hatuukubali. Nyumba nyingi za zamani zimeunganishwa kwa udongo, tena hazina kizuizi cha unyevu juu ya msingi. Wakati wa masika, maji hupanda ukutani na kutoka kwa kukauka usoni mwake. Saruji ikiwafungia njia, lipu hubanduka na ukungu hutanda nyuma ya kabati la nguo. Wala saruji haikingi joto, kwani ni nzito kama tofali lenyewe. Kinachokinga joto ni hewa iliyotulia, na kivuli.

Basi kinga na iwe nje, na upande wa magharibi utangulie. Fito husimamishwa mbele ya ukuta, zikiacha mwanya wa inchi 2 au 3, kisha hufunikwa kwa mikeka ya mafunjo, mmea wa vinamasi kama kile cha Yala, ambao bua lake limejaa hewa. Ukuta wenyewe hupakwa chokaa nyeupe, inayouacha upumue. Mkeka uishie shubiri mbili juu ya ardhi, kwa kuwa mchwa hawana msamaha, na uwe mbali na meko. Upenu ukiwa mfupi, mvua itauozesha. Ni kitu cha kubadilishwa, si cha kurithishwa.

Mifuko miwili ya saruji ilikwisha kununuliwa. “Fundi,” alisema dada yetu, “hiyo tusakafie jikoni.”