Kustaafu si kuchoka: Funzo na baraka za wazee wanaotumikia misheni mume na mke

UTU uzima dawa, walinena wahenga. Hata hivyo, katika jamii nyingi za leo mtu akishastaafu huonekana kana kwamba dawa yake imekwisha. Hupewa zawadi ya kuagwa, akapigwa picha pamoja na wakubwa wa kazi, kisha akarejea nyumbani kusubiri pensheni.

Nchini Kenya, umri wa kustaafu katika utumishi wa umma uliongezwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka wa 2009. Mwalimu au muuguzi anayestaafu leo huko Kericho au Bomet aghalabu bado ana nguvu za kupanda mlima hadi kanisani na kurudi bila kupumzika. Watoto wamekwisha kuoa na kuolewa, karo imelipwa, na nyumba imebaki na watu wawili. Swali linalowakabili ni moja: miaka iliyosalia itumike vipi?

Baadhi ya wanandoa wa umri huo hujibu swali hilo kwa kujitolea kutumikia misheni ya dini wakiwa pamoja, mume na mke. Makala haya yanaeleza huduma hiyo ni ya namna gani, inafunza nini, na baraka zake huja kwa bei gani.

Huduma yenyewe

Wengi wakisikia neno mmishenari, humfikiria kijana mwenye Biblia mkononi akibisha hodi mlango hadi mlango. Huduma ya wazee ni tofauti. Aghalabu hawapewi mzigo wa kuzunguka vijijini. Hutumia ujuzi walioupata kazini kwa miaka mingi: mhasibu hupanga vitabu vya hesabu vya zahanati, fundi hutengeneza jenereta, mwalimu husaidia shule yenye walimu wachache, na muuguzi hufunza wenzake wachanga.

Muda hutofautiana. Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lililotambuliwa rasmi nchini Kenya mwaka wa 1991, huwatuma wanandoa wazee kwa kipindi cha kati ya miezi 6 na miezi 23, nao kwa kawaida hujigharimia wenyewe. Mashirika mengine hupokea watu kwa majuma machache tu. Shirika la World Medical Mission, lililoanzishwa mwaka wa 1977 na madaktari wawili ndugu wa Marekani, hupeleka madaktari wa kujitolea katika hospitali za misheni kwa muda mfupi, na miongoni mwao wamo waliokwisha kustaafu ambao husafiri na wake au waume zao.

Nchi ya chai, nchi ya misheni

Eneo la Kericho na Bomet si geni kwa habari hizi. Mwaka wa 1905, kabla makampuni makubwa ya chai hayajafika hapa katika miaka ya 1920, Mmarekani Willis Hotchkiss alianzisha misheni ya ufundi huko Lumbwa. Miaka mitatu kabla ya hapo alikuwa miongoni mwa Waquaker watatu walioanzisha kituo cha Kaimosi. Hotchkiss aliamini kuwa mahubiri na kazi ya mikono ni mambo yanayokwenda pamoja.

Hospitali ya Tenwek, karibu na mji wa Bomet, ndiyo mfano unaofahamika zaidi. Kituo hicho kilikuzwa na shirika la World Gospel Mission pamoja na Kanisa la Africa Gospel. Daktari wake wa kwanza, Ernest Steury, aliwasili mwaka wa 1959 pamoja na mkewe Sue. Kwa miaka mingi alikuwa daktari pekee hapo, huku wagonjwa wakitoka mbali kwa miguu na kwa machela. Wawili hao walikuja wakiwa vijana, wakaingia utu uzima wakiwa katika kazi hiyo hiyo. Steury alifariki mwaka wa 2002.

Historia ya Tenwek inaonyesha jambo moja ambalo wazee wanaotaka kutumika wanapaswa kulizingatia. Hospitali haikusimama kwa madaktari peke yao. Katika miaka ya 1980 maporomoko ya mto Nyangores yaliwekewa mtambo wa kuzalisha umeme, ili vyumba vya upasuaji visitegemee dizeli. Kazi kama hiyo huhitaji wahandisi, mafundi, wahasibu na waashi. Mtu asiyejua kushika sindano wala kuhubiri bado ana nafasi yake.

Funzo la kwanza: Mvi zinaheshimiwa, lakini hazitoshi

Miongoni mwa Wakipsigis, umri ni cheo. Mtu hutambulikana kwa rika lake, na mdogo hamwiti mkubwa kwa jina tupu. Bibi mwenye mvi huitwa kogo, yaani nyanya, hata na watoto asiowajua. Kwa hiyo wanandoa wazee wanapoingia kijijini hukaribishwa kwa heshima ambayo kijana angeitafuta kwa miaka.

Heshima hiyo, hata hivyo, ni kama mkopo: lazima ilipwe. Hulipwa kwa kuamkia watu kabla ya kuanza shughuli, kwa kujua angalau kusema “Chamgei” na kungoja jibu, kwa kupokea kibuyu cha mursik kilichoandaliwa kwa ajili ya mgeni, na kwa kukaa chini na kusikiliza. Mzee mgeni anayeharakisha mambo kwa kutazama saa hupoteza kwa siku moja kile ambacho mvi zake zilimpa bure.

Funzo la pili: Mwalimu hugeuka mwanafunzi

Mwanamume aliyekuwa meneja kwa miaka 30 huenda akajikuta akielekezwa na muuguzi aliye rika la bintiye. Hilo huwa chungu. Mazoea ya kutoa amri hayaondoki kwa siku moja, na lugha ngeni humfanya mtu mzima aongee kama mtoto. Wanaodumu katika huduma hii ni wale wanaokubali kuuliza kabla ya kushauri.

Aidha, mgeni anapaswa kujua mipaka. Kazi ambayo kijana wa pale anaweza kuifanya na kulipwa haifai kuchukuliwa na mzee anayeifanya bila malipo. Wala si vyema mgeni ageuke kuwa mkoba wa kijiji. Msaada unaotolewa kwa huruma ya haraka, bila kushauriana na viongozi wa kanisa na wa eneo, unaweza kuzua wivu na ugomvi utakaobaki baada yake kuondoka.

Funzo la tatu: Ndoa hupimwa upya

Hili halisemwi sana. Mume na mke walioishi pamoja miaka 40 huenda hawajawahi kushinda pamoja mchana kutwa. Mmoja alikuwa ofisini, mwingine shuleni au shambani, wakakutana jioni. Katika misheni hula pamoja, hufanya kazi pamoja, na hurudi pamoja kwenye nyumba ndogo isiyokuwa yao, mvua ikinyesha karibu kila alasiri kama ilivyo desturi ya nyanda hizi.

Tofauti zilizofunikwa na shughuli za miaka mingi hujitokeza. Yule aliyekuwa msemaji wa nyumba huenda akapata kazi ndogo kuliko mwenzake. Mke aliyekuwa kimya huenda akawa ndiye anayetafutwa na watu, kwa kuwa wanawake wa pale humwambia mambo wasiyoweza kumweleza mchungaji. Mume asipolikubali hilo, huduma huwa nzito. Akilikubali, humwona mkewe kwa macho mapya. Katika Matendo ya Mitume, Akila na Prisila hutajwa kila mara wawili pamoja, wakishona mahema na kumfunza Apolo nyumbani kwao.

Funzo la nne: Kazi si yako

Mzee huja kwa muda. Ikiwa mradi aliouanzisha unasimama siku anapopanda gari kuondoka, basi alijijengea yeye. Tenwek yenyewe imekuwa mahali pa kufunzia wauguzi na madaktari wa upasuaji ambao ni wenyeji wa Kenya na nchi nyingine za Afrika. Hiyo ndiyo njia inayofaa: mwenye ujuzi amkabidhi mwingine mapema, wala asingoje wiki ya mwisho.

Baraka na bei yake

Baraka za huduma hii ni dhahiri. Wazee hupata sababu ya kuamka asubuhi. Ndoa yao hupata kazi moja ya kushirikiana, jambo walilolikosa tangu watoto wao walipokuwa wadogo. Jamii nayo hupata kielelezo: vijana wanaoona mzee akimbebea mkewe mzigo, au wakishauriana kabla ya kuamua, hufunzwa juu ya ndoa kuliko katika semina yoyote.

Hata hivyo, haifai kuficha bei. Wajukuu huzaliwa na kutambaa wakiwa mbali. Ndugu hufariki, na huenda mtu asiwahi mazishi. Shinikizo la damu, kisukari na maumivu ya magoti havichukui likizo kwa sababu mtu yuko katika kazi ya Mungu, na si kila kituo kiko karibu na hospitali kama Tenwek.

Kwa wanandoa wa Kericho na Bomet wanaotamani kwenda kutumika kwingine, liko pia suala la shamba. Majani chai huchumwa kila baada ya wiki moja au mbili. Yakiachwa hukomaa, na kiwanda hakiyapokei. Malipo ya kila mwezi, pamoja na bonasi inayolipwa baada ya mwaka wa chai kufungwa mwezi Juni, ndiyo yanayotegemewa na familia nyingi. Kwa mfanyakazi wa mashamba makubwa hali ni ngumu zaidi, kwani nyumba ya kampuni hukoma kuwa yake siku kazi inapokoma. Huyo hana budi kupata kwake kwanza.

Kabla ya kuondoka

Huduma hii si ya wageni kutoka ng'ambo pekee. Mwalimu na muuguzi waliostaafu Litein au Sotik wana ujuzi unaohitajika sana Turkana, Pokot au Samburu, na hawahitaji pasipoti wala kuvuka bahari. Wenye nia hiyo wangefanya vyema kuzingatia mambo yafuatayo.

Kwanza, wawili wawe wamekubaliana kwa dhati. Mmoja akiburutwa, wote huumia. Pili, wapimwe na daktari, wahakikishe michango yao ya bima ya afya ya SHA haina malimbikizo, na wajue dawa zao zitapatikana wapi. Tatu, waitishe kikao cha watoto na ndugu, na ifahamike wazi nani atasimamia shamba na nani atawatunza wazazi wakongwe iwapo bado wapo. Nne, wawaulize wenyeji wa kule waendako wanahitaji nini, kabla ya kufunga mizigo. Tano, waanze kwa muda mfupi, hata miezi mitatu, wajipime.

Wasioweza kuondoka nao hawajafungiwa mlango. Kusomesha watoto kusoma jioni, kumtembelea mjane, kupatanisha vijana waliooana juzi na tayari wamegombana, yote ni misheni. Kinachohitajika ni wawili walioishi pamoja vya kutosha kujua kuwa upendo ni kazi, na walio tayari kuifanya kazi hiyo kwa ajili ya watu wasiokuwa wa damu yao. Watu wa namna hiyo wako wengi katika vilima hivi vya chai, wakisubiri tu kuambiwa kuwa bado wanahitajika.