Hija Iliyoahirishwa Mara Tatu

Nawaandikia kutoka Kapsoya, mtaa wa Eldoret ambako katika mwezi wa Mei mvua hunyesha kila alasiri na wanafunzi wangu wa chuoni huja wamevaa sweta juu ya kanzu. Wengi wenu huko pwani huniuliza ni lipi lililonileta bara na ni lipi linalonizuia kurudi. Hilo tuliache kwa siku nyingine. Leo nataka kuwasimulia habari ya mkoba mmoja.

Nyumba ya nne kutoka kwangu anaishi Bi mkubwa mmoja, mzaliwa wa Likoni, mjane wa mfanyakazi wa reli. Chini ya kitanda chake pana mkoba uliofungwa tangu Januari 2020. Ndani yake mna nguo nyeupe za safari, kandambili mpya, kitabu kidogo cha dua na chupa tupu ya kuletea maji ya Zamzam. Kila baada ya miezi michache huufungua, akabadilisha karafuu alizotia ili nondo wasiguse nguo, akaufunga tena. Fedha za safari alizikusanya kwa kuuza mahamri kwa miaka kumi na mmoja. Nia yake ilikuwa kwenda Hija pamoja na kitindamimba wake, fundi wa magari, awe mahram wake.

Januari hiyo alinijia akaniambia, "Maalim, nifuatie kwa wakala, mimi sijui kusema na watu wa maofisi." Nikamfuata. Wakala nilimjua, tumeswali safu moja naye. Bi mkubwa akahesabu shilingi laki mbili mezani, arbuni ya watu wawili, na wakala akaandika risiti ya mistari mitatu: jina, kiasi, tarehe. Kijana alitaka kuuliza kama kuna mkataba. Mimi ndiye niliyemkata kauli. Nikasema, "Huyu tunajuana." Neno hilo nimelijutia kwa miaka, na ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Mnakumbuka yaliyofuata. Tarehe 27 Februari 2020 Saudia ilisimamisha kuingia kwa wageni wa Umra. Katikati ya Machi kisa cha kwanza cha korona kikatangazwa Kenya, na kabla ya mwezi kwisha ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa na kafyu ikaanza. Siku ya mwisho ya Machi, Waziri wa Hija wa Saudia aliwataka Waislamu wote ulimwenguni wangoje, wasifunge mikataba ya Hija mpaka mambo yabainike. Bi mkubwa aliisikia habari hiyo redioni akaniuliza, "Na sisi tuliokwisha kulipa, tungoje vipi?" Sikuwa na jibu. Mnamo Juni ikatangazwa kuwa Hija ya mwaka huo ni ya watu wachache walio ndani ya Saudia tu, wapatao elfu moja. Mwaka uliotangulia walihiji watu wapatao milioni mbili na nusu.

Kungoja kwenyewe si kugumu kwa Muislamu. Saumu ni kungoja. Ugumu ulikuwa katika kanuni zilizobadilika kabla mtu hajamaliza kuitimiza ile ya kwanza. Oktoba 2020 Umra ilifunguliwa kwa awamu, na Novemba wageni wakaruhusiwa, lakini wenye umri wa miaka 18 hadi 50 tu. Disemba Saudia ikafunga safari za ndege za kimataifa kwa sababu ya aina mpya ya kirusi, ikafungua Januari, kisha Februari 2021 ikazuia wasafiri wa nchi ishirini. Kenya haikuwamo katika orodha ile, ila Imarati ilikuwamo, na wangapi miongoni mwetu hufika Jedda bila kupitia Dubai? Wakala akampigia Bi mkubwa kumwambia njia iko wazi, na baada ya siku chache akampigia tena kumwambia imefungwa. Mara zote mbili alikuwa mkweli.

Ikaja chanjo. Dozi za kwanza za AstraZeneca zilifika Kenya mwanzoni mwa Machi 2021, na Bi mkubwa akachanjwa katika Hospitali ya Rufaa ya Moi hapa Eldoret. India ilipozuia kuuza chanjo nje, dozi ya pili ikawa haba, na muda wa kuingoja ukasogezwa kutoka wiki nane hadi kumi na mbili. Aliokota kadi yake ya chanjo kila asubuhi akaitazama kama atazamaye mwezi mwandamo. Kumbe haraka ile haikuwa na faida, kwani Juni ikatangazwa kuwa Hija ya 2021 nayo ni ya raia na wakazi wa Saudia tu, watu elfu sitini. Hiyo ikawa mara ya pili.

Hapo ndipo kijana alipokwenda kudai fedha. Wakala akasema nusu imekwisha kupelekwa mbele kwa ajili ya nyumba za kulala Makka, na wenye nyumba wanampa ahadi ya safari ya baadaye, si fedha. Je, alikuwa na haki? Je, ahadi hiyo ilimfunga Bi mkubwa naye, ambaye hakuiona wala hakuikubali? Risiti ya mistari mitatu haikuwa na jibu hata moja. Kijana akamwita mwizi mbele za watu. Wakala akalia. Mimi nilikuwa katikati yao nikijua ya kuwa mdomo uliozuia mkataba ni wangu.

Niseme kweli juu ya mtu yule. Hakuwa mwizi. Aliuza gari lake, akawarejeshea wateja kadhaa, na Bi mkubwa alirudishiwa shilingi elfu themanini kwa mafungu. Lakini mtu anaweza kuwa mwaminifu na bado akamdhulumu mwenziwe kwa sababu hapana lililoandikwa. Kila mwaka mimi hufundisha Aya ya deni katika Surat al-Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inayoamrisha kuandika na kushuhudisha, liwe dogo liwe kubwa. Nimeifafanua msikitini mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Siku nilipohitaji kuitumia nikasema tunajuana.

Baadhi yetu walisema kuwa kufungwa kwa njia ya Makka ni dalili ya ghadhabu, na wengine wakasema ni hila za serikali. Sioni haja ya yote mawili. Hija haikuanza jana kukutana na maradhi. Mwaka 1865 kipindupindu kiliua maelfu ya mahujaji, na mwaka uliofuata mataifa yalikutana Istanbul kujadili namna ya kukizuia. Kuanzia 1882 Waothmani waliweka karantini katika kisiwa cha Kamaran, Bahari ya Sham, ambako vyombo vya mahujaji vilivyotoka Bahari ya Hindi vilitakiwa kutia nanga kabla ya kufika Jedda. Na hata kabla ya korona, nani kati yetu aliyekwenda bila chanjo ya homa ya uti wa mgongo na kadi ya manjano? Wala masaibu haya hayakuwapata mahujaji peke yao. Februari 2020 meli ya watalii iitwayo Diamond Princess ilizuiwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu zaidi ya elfu tatu na mia saba, na zaidi ya mia saba wakaambukizwa. Walilipia starehe ya baharini, wakajikuta wafungwa wa vyumba vyao.

Mimi hupenda zaidi kurejea Hudaybiya. Mwaka wa sita wa Hijra Mtume, rehema na amani zimshukie, alitoka Madina na masahaba wapatao elfu moja na mia nne wakikusudia Umra. Wamekwisha kuhirimia, wanyama wa kuchinja wamo njiani pamoja nao, na Makka iko karibu. Wakazuiwa. Sharti walilopewa ni kurudi mwaka ule na kuja mwaka ujao kwa siku tatu. Masahaba waliona uchungu hata walipoamriwa kuchinja na kunyoa hapana aliyeinuka, mpaka Mama wa Waumini Ummu Salama alipompa Mtume shauri atangulie yeye, nao wakamfuata. Basi kuzuiwa njiani kuna hukumu zake katika dini yetu, na aliyezuiwa si aliyefukuzwa.

Jambo jingine la Hudaybiya mara nyingi tunalipita. Mkataba ule uliandikwa. Sayyidna Ali alishika kalamu, na Suhail bin Amr, mjumbe wa Makureshi, akabishana juu ya maneno: Mwenyezi Mungu atajwe kwa jina lipi, Mtume aitwe nani katika waraka. Kila neno lilipimwa kabla ya kukubaliwa, na watu walioandikiana hawakuwa wageni. Walikuwa jamaa na jamaa, wakijuana tangu utoto. Kujuana hakukuwatosha.

Turudi Kapsoya. Disemba 2021 Dubai ilisimamisha abiria watokao Nairobi, na magazeti yakaandika kuwa sababu ni vyeti bandia vya kipimo cha korona. Januari 2022 Kenya nayo ikazuia ndege za abiria kutoka Imarati, na kabla ya mwezi huo kwisha mambo yakafunguka. Sijui mtu ataingiaje katika ihramu na cheti cha uongo mfukoni. Machi Saudia ikaondoa masharti mengi, karantini ikiwamo. Kisha katika siku za mwanzo za Ramadhani, tarehe 9 Aprili, ikaja bishara: Hija ya 1443 itakuwa ya watu milioni moja, na wageni wamo. Masharti yalikuwa chanjo kamili, kipimo cha PCR kilichofanywa ndani ya saa 72 kabla ya kuondoka, na umri uwe chini ya miaka 65.

Kitambulisho cha Bi mkubwa kinasema 1 Januari 1957.

Tarehe hiyo si ya kweli. Mamake alimwambia tu kwamba alizaliwa wakati wa masika, na mwaka wenyewe ulikisiwa na karani aliyemtazama usoni. Kwa kisio la karani, Bi mkubwa alitimiza miaka 65 miezi mitatu na siku chache kabla ya njia kufunguliwa. Jamaa mmoja akamshauri aape hati ya kiapo kuwa alizaliwa 1959, pasipoti ibadilishwe, mambo yaishe. Alikuja kuniuliza, na kabla sijafungua kinywa akajijibu. "Kama ningejua mwaka wangu ningeapa. Siujui. Nitaapaje?"

Wengine mtauliza kuhusu badala. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, kuhijiwa na mwengine mtu akiwa hai ni kwa yule asiyetarajiwa tena kuweza, kwa uzee ulioshinda au maradhi yasiyotumainiwa kupona. Bi mkubwa hubeba ndoo ya unga begani. Kilichomzuia ni kanuni, na kanuni hizi tumeona zikigeuka mara ngapi. Na uwezo wa kwenda, kama walivyoueleza wanavyuoni wetu, haukomei kwenye fedha na afya. Njia kuwa salama na safari kuwezekana vimo ndani yake. Akifariki kabla njia haijamfungukia, hana deni la Hija shingoni. Nilimweleza haya akatikisa kichwa. Akaniuliza kama kutokuwa na deni ni sawa na kuiona Alkaaba. Nikanyamaza.

Kijana angeweza kwenda peke yake mwaka 2022. Alikataa. Fedha ni za mamake, asema, na hatatangulia kunywa maji kisimani kwa aliyekichimba. Mama amemwambia aende, amtangulie ajue njia. Walibishana mwezi mzima wa Shawwal, na mimi, niliyezoea kutoa fatwa, safari hiyo nilikaa kando. Gharama nazo zimepanda: kodi ya mauzo huko Saudia ilitoka asilimia 5 hadi 15 Julai 2020, na dola inanunuliwa kwa shilingi nyingi zaidi. Arbuni ya mwaka 2020, hata ingekuwa kamili, isingefika mbali.

Kisha tuliketi barazani kwangu: Bi mkubwa, kijana, wakala, mimi, na mashahidi wawili kutoka msikitini. Tuliandika kwa Kiswahili, katika karatasi ya daftari la chuoni. Shilingi laki moja na elfu ishirini zilizobaki zikae wapi na kwa jina la nani. Kikipelekwa chochote mbele, wakala alete stakabadhi ndani ya siku saba, na kabla ya kukipeleka apate idhini. Njia ikifungwa, kirejeshwe kiasi gani na kwa muda gani. Bei ihesabiwe kwa shilingi au kwa dola, na kwa kima cha siku ipi. Gharama ya kipimo na ya karantini, ikirudi, ni juu ya nani. Na akifariki mmoja wao, fedha ziende kwa warithi bila ya kuombwa. Wakala ndiye aliyeongeza hilo la mwisho. Mkono wake ulitetemeka alipotia sahihi, na kijana, aliyemwita mwizi mwaka uliotangulia, akamshikilia karatasi isipeperuke.

Bi mkubwa alisomewa waraka mara mbili. Mara ya pili akanizuia kwenye mstari wa tarehe ya safari, mahali tulipoandika "Hija ya mwaka 1444". Akataka yaongezwe maneno, nami nikayaongeza kwa hati yangu: "au mwaka wowote mlango utakapofunguliwa kwa wenye umri wake." Kisha akaomba wino, akaandika jina lake polepole, herufi moja moja, kwa Kiarabu, kama alivyofundishwa chuoni Likoni.