Baiskeli na Sheria (2): Taa ya Kuonekana Nayo

Katika sehemu ya kwanza tulizungumzia breki. Leo tuingie gizani, maana huko ndiko wenye baiskeli wengi wanakovunja sheria bila kujua.

Mtu akitajiwa taa ya baiskeli huwaza mwanga wa kumulika mashimo. Sheria ya Uingereza, ambayo nitaishika zaidi kwa kuwa sheria za barabarani za Afrika Mashariki zilianza kwa kufuata mtindo wake, haina habari na mashimo yako. Inachotaka ni uonekane. Kanuni zake za taa za vyombo vya barabarani, za mwaka 1989, zinadai vitu vinne tangu jua linapozama hadi linapochomoza: taa nyeupe mbele, taa nyekundu nyuma, reflekta nyekundu nyuma, na reflekta za rangi ya kaharabu mbele na nyuma ya kila pedali. Za pedali zinazihusu baiskeli zilizoundwa kuanzia tarehe 1 Oktoba 1985, kwa hiyo mwenye Raleigh ya enzi za babu amesamehewa. Mchana hakuna anayekudai taa. Ukishuka ukaikokota baiskeli pembeni mwa barabara, hudaiwi pia.

Hata kimo kimepangwa. Taa ya nyuma isiwe chini ya sentimita 35 kutoka ardhini wala isizidi mita moja na nusu, na iwe imefungwa kwenye baiskeli yenyewe. Ile uliyoivaa kwenye helmeti ni nyongeza tu, haihesabiki. Taa za kumemeta zilikuwa haramu kwa miaka mingi, hadi zilipohalalishwa mwaka 2005 kwa sharti kwamba zimemete kati ya mara 60 na 240 kwa dakika na nguvu yake isipungue kandela 4. Wajerumani wamekataa katakata: taa ya kumemeta kwenye baiskeli ni marufuku kwao hadi leo. Mimi niko upande wao. Taa inayowaka na kuzimika humpa dereva shida ya kukadiria umbali, hasa barabara inapokuwa na taa nyingine nyingi.

Taa hiyo nyekundu ya nyuma ina historia ya ugomvi. Kabla ya Vita Kuu ya Pili, mwendesha baiskeli wa Uingereza aliruhusiwa kutumia reflekta badala yake. Chama kikubwa cha waendesha baiskeli, CTC, kilipinga kwa nguvu wanachama wake kulazimishwa kufunga taa ya nyuma. Hoja yao ilikuwa kwamba anayeleta hatari ni mwenye gari, basi ni juu yake kwenda mwendo utakaomwezesha kusimama ndani ya umbali anaouona. Kumlazimisha mwenye baiskeli awashe taa ni kumtwisha anayegongwa mzigo wa anayegonga. Hoja ile haijachuja. Lakini vita vilipoanza mwaka 1939 na miji ikazimwa taa kwa kuhofia ndege za adui, nafasi ya kubishana haikuwapo tena. Taa nyekundu ikawa lazima, na mwaka 1945 Bunge likatunga sheria ya kuidumisha.

Sasa mtu atauliza: kama taa ipo, reflekta ya nini tena? Chukua reflekta kuukuu uivunje, uitazame kwa mgongoni. Hutakuta kioo cha kujitazamia. Utakuta vipembe vidogo vingi vilivyopangwa safu kwa safu, kila kimoja kina nyuso tatu zilizokutana kama kona ya chumba, pale kuta mbili zinapokutana na dari. Mwanga ukiingia humo hugonga uso mmoja, wa pili, wa tatu, kisha hurudi kulekule ulikotoka, hata kama umeingia kwa upande kidogo. Ndiyo maana dereva huiona inawaka: macho yake yako karibu na taa zake mwenyewe.

Uzuri wake ni kwamba haina betri ya kuisha wala waya wa kukatika. Gari linalokuja nyuma yako limeielekezea taa moja kwa moja, kwa hiyo hata taa yako ikizimika njiani wewe hujui, reflekta nyekundu inaendelea na kazi. Zile za pedali zina faida ya ziada. Hupanda na kushuka, na mchezo huo humwambia dereva kwa mbali kwamba aliye mbele ni mtu wa baiskeli. Kinachochekesha ni kwamba wapenda mbio wanaotumia pedali za kunasa viatu, zisizo na mahali pa kufunga reflekta, wako kinyume cha sheria kila wanapopanda jioni, na wengi ni watu waliotumia fedha nyingi kununua taa.

Udhaifu wa reflekta ni huohuo uliokuwa uzuri wake: hurudisha mwanga kwa mwenye taa peke yake. Dereva aliyesimama kwenye njia panda, taa zake zikitazama kwingine, haioni ya mbele. Mtembea kwa miguu hana taa, haioni. Mwenye baiskeli mwenzako asiye na taa haioni. Kwa hiyo hakuna reflekta ya mbele inayoweza kushika nafasi ya taa.

Marekani walilipanga jambo hili kwa namna inayonishangaza. Kanuni ya serikali kuu, iliyotoka miaka ya 1970, humbana mwenye kiwanda na muuzaji: baiskeli iuzwe ikiwa na reflekta nyeupe mbele, nyekundu nyuma, za pedali na za ubavuni. Taa haimo. Taa ni shauri la kila jimbo, na humwangukia mwendeshaji. John Forester, mhandisi wa California aliyekuwa mpanda baiskeli hodari, aliipeleka tume iliyotunga kanuni hiyo mahakamani, na shauri likaamuliwa katika mahakama ya rufaa mwaka 1977. Alishikilia kwamba mnunuzi akiona reflekta zimejaa kila mahali atajiona yuko salama, aache kununua taa. Reflekta zimebaki dukani hadi leo, na taa bado hununuliwa kando.

Wajerumani wao hawakumwachia mtu nafasi ya kuchagua. Hadi mwaka 2013 baiskeli ya kawaida ilitakiwa kuwa na dinamo. Waliosamehewa ni wenye baiskeli nyepesi za mbio, zisizozidi kilo 11. Siku hizi betri inakubaliwa, lakini taa ya mbele lazima imulike njia kweli. Kukamatwa usiku bila taa ni faini ya euro 20.

Haya yanatuhusu kwa sababu baiskeli za mtumba hushuka bandarini na sheria za kwao zikiwa zimefungwa mwilini. Ukibahatika kupata iliyotoka Ujerumani, chuchumaa uitazame taa yake: utaona alama ya wimbi, herufi K na tarakimu, ushahidi kwamba imepimwa na kuidhinishwa. Kwenye spoku utakuta reflekta mbili za njano kila gurudumu, au tairi lina mstari mweupe unaong'aa pande zote. Vitu hivi ndivyo vinavyong'olewa kwanza baiskeli ikipelekwa kwa fundi, eti vinapiga kelele au vinaharibu sura. Mwambie fundi aviache, na kama reflekta nyekundu ya kwenye madigadi imevunjika, akufungie nyingine kabla hujamlipa.

Katika sehemu ya tatu tutaifungua Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168. Mwenye nakala na awe nayo karibu.