Jiwe Lisiloungua Juu ya Mapaa Yetu

Katika miji yetu, ya pwani na ya bara, zingaliko nyumba nyingi za zamani ambazo mapaa yake si ya makuti wala ya bati la chuma, bali ni ya vibao vya kijivu vyenye mikunjo, vizito, visivyopata kutu wala kupiga kelele mvua inyeshapo. Vibao hivi ndivyo viitwavyo asbesto. Viliezekwa juu ya nyumba za watumishi, juu ya madarasa na maghala, na matajiri kwa maskini walivipenda, kwani viliipoza nyumba wakati wa jua kali na moto haukuvishika upesi. Leo vimezeeka. Vimeota kuvu, vimepasuka pembeni, na mwenye nyumba ataka kuvibadili. Basi huwaita vijana watatu wa mtaani, akawapa nyundo na ngazi, na kabla ya adhuhuri paa lote limevunjwa-vunjwa uani, na watoto wanachezea vipande. Jambo hili limetutia hofu, na ndilo lililotufanya tuiandike khabari hii.

Asbesto haikubuniwa viwandani. Ni madini yachimbwayo ardhini, nayo ina nyuzi kama za pamba. Waarabu waliijua tangu kale. Al-Muqaddasi, yule msafiri wa karne ya 10, alipoieleza nchi ya Badakhshan alilitaja jiwe liitwalo hajar al-fatila, yaani jiwe la utambi, kwa kuwa watu walisuka tambi za taa kwa nyuzi zake, na tambi hizo haziungui. Sifa hiyo hiyo iliyowafurahisha watu wa kale ndiyo asili ya madhara yake. Uzi usioungua wala kuoza, mwili nao hauwezi kuuyeyusha. Tena uzi wa asbesto ukivunjika hupasuka kwa urefu, ukazaa nyuzi nyembamba kuliko unywele mara nyingi, zisizoonekana kwa macho, zielezo hewani kwa saa nyingi. Mtu akizivuta zikafika ndani ya mapafu, nyingine hazitoki tena.

Waganga hawakulitambua jambo hili kwa siku moja. Mwaka 1924 daktari mmoja wa Uingereza, W. E. Cooke, aliandika juu ya Nellie Kershaw, mwanamke aliyefanya kazi katika kiwanda cha asbesto mjini Rochdale, akafa akiwa na umri wa miaka 33, mapafu yake yamejaa makovu. Mwaka 1931 serikali ya Uingereza ikaweka kanuni za kuzuia vumbi viwandani. Kisha mwaka 1960 Dakta Wagner na wenziwe wa Afrika Kusini walitangaza khabari za wagonjwa 33 wenye saratani ya utando uzungukao mapafu, iitwayo mesotelioma, na wengi wao walitoka pande za machimbo ya asbesto ya Cape. Miongoni mwao walikuwamo watu ambao hawakupata kushika sururu hata siku moja. Waliishi jirani na machimbo tu.

Lakini lililotugusa zaidi sisi, kwa kuwa twawaandikia watu wa majumbani, ni utafiti wa Newhouse na Thompson uliotoka London mwaka 1965. Hao waliwakuta wanawake walioshikwa na saratani hii bila ya kuingia kiwandani kabisa. Kazi yao ilikuwa kufua nguo za waume zao. Mume hurudi jioni na vumbi begani, mke huikung'uta kanzu au shati kabla ya kulitia majini, na vumbi lile ndilo lililomdhuru. Haya hayakudhihiri mwaka ule wala mwaka wa pili. Mesotelioma kwa kawaida hukaa kimya miaka 20, 30, hata 40 na zaidi, ndipo ijitokeze. Na ikiisha kujitokeza, dawa ya kuiponya haijapatikana. Kijana wa miaka 18 aliyelipwa ujira wa siku moja kuvunja paa la jirani atakuwa baba wa watoto, pengine babu, siku atakapoanza kukosa pumzi, na hatakumbuka hata jina la aliyemwajiri. Na akiwa mvutaji wa sigara, khatari yake ya saratani ya mapafu huzidi sana, kwani moshi na asbesto husaidiana katika uharibifu. Shirika la Afya Duniani lakadiria kuwa watu zaidi ya 200,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya asbesto waliyoivuta makazini.

Ndipo nchi zikaanza kuikataza. Uingereza iliipiga marufuku yote mwaka 1999, na Afrika Kusini, iliyokuwa ikiuza asbesto ulimwenguni, mwaka 2008. Nchini Kenya kanuni za taka za mwaka 2006 zimeihesabu kuwa ni taka ya khatari. Walakini sheria haipandi juu ya paa ikaliteremsha. Vilivyokwisha kuezekwa vimebaki pale pale.

Hata hivyo hatupendi mtu alale macho wazi usiku wa leo akilitazama dari lake. Kibao cha paa kwa kawaida kina nyuzi kiasi cha sehemu 10 hadi 15 katika mia. Kilichobaki ni saruji, nayo imezishika nyuzi barabara. Kibao kizima kisichoguswa hakimdhuru sana alalaye chini yake. Kinachoamsha shari ni msumeno, keekee, nyundo na brashi ya waya. Wako watu, kwa nia njema ya usafi, wanaokwangua kuvu ya paa kwa brashi kavu kabla ya kulipaka rangi. Afadhali wangeliacha na kuvu yake. Tope la mlizamuni nalo lisiachwe likauke na kupeperuka. Litolewe lingali bichi. Ama maji ya mvua, khatari iliyothibiti ni ya kuvuta nyuzi kwa pumzi, si ya kuzinywa.

Paa likiwa limechakaa hata halifai tena, hapo ndipo watakiwapo mafundi waliofunzwa kazi hii, wenye idhini ya serikali. Nchini Kenya mamlaka ya mazingira, NEMA, ndiyo ya kuulizwa. Kwingineko iulizwe idara ya mazingira au ya usalama wa kazi. Fundi wa kweli hujulikana kabla hajapanda. Kwanza huchukua kipande kidogo, akakipeleka maabara kitazamwe kwa hadubini, kwani kwa macho matupu asbesto na kibao kingine cha saruji huweza kufanana. Huwataka watu wa nyumba wahame kwa siku za kazi, hufunga madirisha, hufunika kisima na tangi, na hutandika nailoni nene chini ya upenu. Watu wake huvaa nguo za kutupwa, na puani barakoa yenye chujio la nguvu; kitambaa au leso haizuii kitu.

Paa hulowanishwa kwa maji yaliyotiwa sabuni kidogo, maana nyuzi mbichi hazirukiruki. Misumari na parafujo hutolewa moja moja, kibao kikateremshwa kizima kwa mikono, wala hakitupwi chini. Nao hawavikanyagi vibao, kwani vikizeeka huvunjika ghafula, na watu wengi wamekufa kwa kuporomoka. Kisha vibao hufungwa kwa nailoni tabaka mbili, vikaandikwa jina la khatari, vikachukuliwa katika gari lililofunikwa mpaka mahali palipowekwa na serikali, vikazikwa. Wafanyao kazi huoga pale pale, na nguo zao huzikwa pamoja na vibao. Hakuna mke atakayezifua.

Asbesto ya ndani, iliyopakwa juu ya mabomba au kutiwa katika dari laini, ni mbaya zaidi, kwa kuwa hufumuka upesi. Chumba huzingirwa chote kwa nailoni, na hewa hunyonywa kwa mashine yenye chujio ili vumbi lisitoke nje. Uingereza, chumba hicho hakirudishwi kwa mwenyewe mpaka hewa yake ipimwe, isizidi nyuzi 0.01 katika kila mililita.

Utasema, gharama hii nani ataiweza? Ni kubwa, hatukatai. Lakini majirani wenye mapaa ya namna moja wakikodi mafundi pamoja, gharama ya gari na ya safari hugawanyika. Mwenye kupangisha naye asimtwishe mpangaji mzigo huu, kwa kuwa paa ni lake. Na asiyekuwa na uwezo leo, basi paa lake kama ni zima na aliache, asilitoboe kwa waya wa umeme wala antena.

Wale ambao mapaa yao yamekwisha kuvunjwa, na vipande vimetumiwa kufunikia banda la mbuzi au kuzibia ukuta wa jiko, wasivifagie wala kuvichoma, kwani vikipata moto hupasuka kwa kishindo na kurusha nyuzi. Wavimwagie maji, wavifunike kwa nailoni, wawaondoe watoto mahali hapo, na wapeleke khabari kwa mamlaka waulize pa kuvizika.